Opereta wa Laini ya Saba

Shangazi yangu alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili siku ile Bibi alipovuka daraja kwenda kumrudisha baba yangu kwa sikio. Ndivyo alivyosema Bibi mwenyewe, akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. "Namrudisha kwa sikio. Mtu mzima mwenye ndevu, anaacha darasa la watoto sitini anakwenda kucheza vita!" Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Saa tisa alasiri siku hiyohiyo askari waliweka magunia ya mchanga na seng'enge mwanzoni mwa daraja, na tangu hapo raia hakuruhusiwa kuvuka, si kwenda wala kurudi.

Nieleze kwanza walivyokuwa. Babu alikuwa fundi saa. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara: meza moja, taa ya kuvuta karibu, na kile kioo cha kukuzia vitu vidogo ambacho alikibana jichoni mpaka akasahau kama kipo, akala nacho chakula cha mchana. Bibi alikuwa mshonaji. Alizaliwa ng'ambo ya mto akaolewa upande huu. Zamani hizo mto ulikuwa mto tu, watu waliulalamikia kwa mbu na si kwa jambo jingine. Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni baba yangu, mwalimu wa hesabu, ambaye nguo zake hazikuisha vumbi la chaki hata siku za mapumziko, na Shangazi akambandika jina la Chaki. Baba naye akalipiza: Shangazi alipopata kazi ya opereta katika kituo cha simu cha mji, akaanza kumwita Haloo. Hawakuitana vingine. Walipishana miaka mitatu, na hapakupita siku bila kurushiana maneno juu ya nani kamaliza sukari.

Wilaya za ng'ambo zilikuwa zikidai kuwa nchi peke yake. Nyumbani jambo hilo lilianza kama mazungumzo ya mezani, likaishia kama ugomvi. Babu alikuwa ametengeneza saa za stesheni zote za reli, pande zote mbili za mto, na hakutaka kusikia habari za kugawana.

"Saa zote nilizifanya zikaenda pamoja," alisema. "Nyinyi mnataka nini?"

"Baba, shule za kule hazina hata milango," baba yangu akajibu.

"Hazina milango, ndiyo mchukue bunduki?"

"Tumeandika barua miaka kumi na moja."

Babu akasema maneno ambayo baadaye alitamani ayarudishe kinywani: "Ukivuka, usivuke na jina langu." Baba yangu akavuka. Bibi alishona siku nne bila kusema neno, na siku ya tano, ile Jumanne, yeye naye akavuka.

Basi Shangazi akabaki na Babu, na mizinga ikaanza.

Kituo cha simu kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la posta. Chumba kirefu, madirisha yamebandikwa karatasi za gundi ili vioo visirukie watu, na swichibodi imesimama ukutani kama kabati kubwa lenye mamia ya matundu. Mtu akipiga simu, kifuniko kidogo cha shaba kilianguka juu ya tundu lake: ka! Opereta anachomeka waya wa kwanza, anauliza, anachomeka wa pili mahali panapotakiwa, anaondoka katikati yao. Kazi ya kusikiliza bila kusikia, kama walivyokuwa wakifundishwa. Msimamizi wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyeitwa Bi Zamu, kwa sababu neno la kwanza kutoka kinywani mwake kila asubuhi lilikuwa "Zamu yako!" Hakujulikana kucheka. Akiombwa ruhusa ya mazishi huuliza marehemu alikuwa nani wako hasa.

Zilikuwepo laini kumi za kwenda ng'ambo. Wanajeshi walikata tisa. Waliiacha ya saba, kwa kuwa pande zote mbili zilihitaji kuzungumzia majeruhi na mateka. Kisha wakaleta kiti, wakakiweka nyuma ya Shangazi kiasi cha hatua moja, na juu ya kiti hicho akakaa kapteni mmoja mwenye sauti ya upole na harufu ya sabuni. Alivaa visikilizio vyake mwenyewe. Kila neno lililopita laini ya saba lilipita masikioni mwake.

"Endelea na kazi, binti yangu," alisema siku ya kwanza. "Fanya kama sipo."

Lakini alikuwepo. Shangazi husema kwamba mpaka leo anaweza kukuonyesha mahali pa shingo yake palipokuwa pakisikia pumzi ya mtu yule. Mikono yake, iliyozoea kuchomeka waya bila kutazama, ilianza kukosa matundu.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Wiki ya kwanza wafanyakazi wote walijaza fomu, na swali la sita lilikuwa: *Ndugu walioko ng'ambo.* Shangazi alikaa na kalamu mpaka jasho likalowesha karatasi, kisha akaandika: *Hakuna.* Fomu ilipita kwa Bi Zamu. Bi Zamu alikuwa amevaa siku hiyo gauni lililoshonwa na Bibi; alimfahamu Bibi, alimfahamu Chaki, alijua kila kitu. Alisoma, akainua macho, akamtazama Shangazi kwa muda kama anayetafuta kosa la herufi. Akapiga muhuri.

Ng'ambo ya laini ile kulikuwa na opereta mwingine. Shangazi alikuwa amefanya naye kazi miaka mitatu bila kumwona. Walimwita Saba kituoni, kwa namba ya laini yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya msichana, na kabla ya vita walikuwa wakiibiana dakika mbili tatu za umbea wakati wa jua kali, simu zinapopungua. Sasa yalibaki majaribio ya asubuhi tu.

"Haloo ng'ambo, najaribu laini."

"Nakusikia. Moja, mbili, tatu, nne, tano."

"Tano, nne, tatu, mbili, moja. Asante."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Asubuhi moja Saba alimaliza kuhesabu, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayeona haya: "Samahani kwa kelele. Kuna mama kahamia chini ya dirisha letu na cherehani. Anashona kutwa, na kila mtoto anayepita anamwambia atamvuta sikio."

Shangazi alilijua tishio hilo la sikio. Alikuwa hai. Mama yake alikuwa hai, ameketi chini ya dirisha. Nyuma yake kiti kililia, kapteni akijigeuza.

"Mwambie afunge dirisha," kapteni akasema, akicheka.

"Funga dirisha, ng'ambo," Shangazi akasema. Alichomoa waya, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Alimwambia Babu jioni kwenye chumba cha kazi, huku ameegemea mlango ili mtu asiingie ghafla. Babu alitoa kioo jichoni. Alikifuta, akakifuta tena, ingawa kilichokuwa kimelowa hakikuwa kioo.

"Na huyo mtu?" akauliza. Hakuwa amelitaja jina la baba yangu tangu alipovuka.

"Sijui, Baba."

"Hata. Sikuuliza kwa maana yoyote."

Mwezi wa nane wa vita, asubuhi ya Alhamisi, Shangazi alifika kazini akakuta kiti kitupu. Alifurahi kama mtoto aliyesikia mwalimu ni mgonjwa. Hata alipiga miayo. Saa tatu kasorobo kapteni akaingia, akasimama pembeni mwake badala ya nyuma, akaweka kitu juu ya ubao wa swichibodi taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kilikuwa kile kioo cha jichoni cha Babu.

"Unakijua?"

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwacha Babu nyumbani dakika arobaini zilizopita, akitafuta kiatu cha pili.

"Baba yako hajambo," kapteni akasema. "Yuko kwetu, anatuangalizia saa. Wewe ulituandikia kwamba huna ndugu ng'ambo. Nilijua tangu siku ile, na sikukasirika. Nilikuwa nakungoja upevuke."

Alivuta kile kiti, akakaa, safari hii uso kwa uso. Akamweleza kama anayempa maelekezo ya njia. Kaka yake huko hakushika bunduki, alishika penseli. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za mizinga, wapi ielekezwe na kwa kiasi gani, na tangu afike, makombora ya ng'ambo yalikuwa yameacha kuanguka mtoni. Walimtaka. Shangazi angempigia simu, amwambie baba yao yu mahututi na ombi lake la mwisho ni kumwona mwanawe. Kesho saa nne ilikuwa siku ya kubadilishana majeruhi darajani. Mwanajeshi wa ng'ambo angeruhusiwa kuvuka kwa muda wa saa moja, bila silaha, kumuaga mzazi.

"Ataruhusiwa kurudi?" Shangazi akauliza.

Kapteni akatabasamu kidogo, akampa karatasi. Maneno yote aliyotakiwa kusema yalikuwa yameandikwa, kwa mwandiko mzuri.

Bi Zamu alikuwa amesogea mpaka nyuma yao. "Afande, huyu binti ana zamu yake mpaka saa nane. Laini zinaita."

"Hii ndiyo zamu yake, mama. Rudi kwenye meza yako."

Bi Zamu alirudi. Shangazi anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamke yule akitii mtu.

Saba alitumwa kumtafuta Chaki. Walingoja dakika arobaini, laini ikivuma tupu. Kapteni alisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Vifuniko vya shaba vilianguka kwenye ubao, ka, ka, ka, na maopereta wengine walichomeka waya zao wakitazama mbele kama farasi. Shangazi alikuwa akifikiri mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa na kifo ndani yake. Akisoma karatasi, anamuua kaka. Asiposoma, anamuua baba. Kunong'ona hakuwezekani. Kukohoa, kuchanganya maneno, kukata laini: yote hayo kapteni angeyasikia, alikuwa na visikilizio masikioni na macho juu ya midomo yake.

Kisha laini ikafanya mchakacho, na sauti ya baba yangu ikatoka kule, karibu kabisa, yenye furaha na uchovu: "Haloo, Haloo! Hebu niambie, sukari nani kamaliza?"

Shangazi akafunga macho.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Laini ikavuma.

Hapo lazima nieleze. Hakuwahi kumwamkia maishani mwake. Babu na Bibi walishamgombeza mpaka wakachoka. Yule mtoto hakutaka kumpa shikamoo mtu aliyempita miaka mitatu tu na ambaye aliwahi kumsukuma ndani ya pipa la maji. Hata neno "kaka" lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Lakini kapteni angejuaje? Alisikia binti mwenye adabu akimwamkia mkubwa wake, kama inavyotakiwa katika kila nyumba yenye malezi.

Mvumo ule ulidumu kiasi cha pumzi mbili.

"Marahaba, mdogo wangu," baba yangu akajibu polepole. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ila baba mgonjwa sana." Akasoma. Akasoma yote, mpaka nukta ya mwisho. Sauti yake ilitetemeka, na hilo lilifaa.

"Nitakuja," baba yangu akasema. "Kesho, saa nne." Laini ikafa.

Kapteni alivua visikilizio. "Umefanya vizuri. Inaonekana mmelelewa."

Shangazi hakujua. Hilo ndilo lililomtesa siku nzima na mpaka kulipopambazuka: hakujua kama Chaki ameelewa au amedhani ni mzaha wake mpya. Ile "marahaba" yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeelewa. Pia ilikuwa kama ya mtu anayeigiza mzee ili acheke baadaye.

Walimpeleka darajani kwa gari la jeshi, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kumtambua na kumwonyesha. Asubuhi ilikuwa na jua na upepo. Wasimamizi wa mapatano watatu, wageni wenye vitambaa vyeupe mkononi, walikaa chini ya turubai na madaftari yao. Majeruhi walianza kuvushwa, wengine kwa machela, wengine wakiegemea wenzao. Wabeba machela wanne wa upande huu walikuwa hawabebi kitu. Walisimama karibu na seng'enge, viatu vyao vya jeshi vikionekana chini ya makoti meupe.

"Ukimwona, niguse mkono tu," kapteni akasema.

Walivuka kumi. Walivuka kumi na saba. Shangazi akaanza kupumua. Halafu mwisho wa mstari, nyuma kabisa, peke yake, akatokea mtu mwenye koti la kahawia lenye viraka vya viwiko, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Lilikuwa koti la Chaki. Shangazi alilifahamu, viraka vile alivishona yeye mwenyewe, vibaya. Alishika seng'enge, ikamchana kiganja na asijue. Hakuelewa, alifikiri. Mjinga yule hakuelewa, amekuja. Kapteni alikuwa ameshaliona koti na kuuona uso wa Shangazi, akainua kidole kidogo, na wabeba machela wanne wakasogea.

Yule mtu akaendelea kuja, kwa hatua fupifupi za haraka, kama anayewahi foleni. Hatua hizo hazikuwa za mwanamume. Akavua kofia, kikatokea kitambaa cha kichwa.

Alikuwa Bibi.

Aliwapita wabeba machela. Alimpita kapteni bila kumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye turubai, akasimama mbele ya wale wageni, na sauti yake, ambayo ilizoea kushindana na cherehani, ikasikika daraja zima.

"Jamani wanangu, mimi nimeitwa! Mume wangu yu mahututi. Jana wametupigia simu, na afande huyu hapa ndiye aliyeruhusu. Mwanangu yuko kazini hakupata nafasi, nimekuja mimi mke. Nionyesheni mgonjwa wangu yuko wapi."

Mmoja wa wasimamizi alifungua daftari. "Kapteni, mgonjwa gani? Hayumo kwenye orodha."

Kapteni alilitazama daftari. Mahali pale pande zote zilikuwa zimeapa kwamba hakuna mtu atakayekamatwa. Ndiyo sababu mapatano yalisimama, na wanajeshi wake mwenyewe thelathini walikuwa ng'ambo wakingoja kuvushwa. Angeweza kukiri kwamba simu ilikuwa mtego, mbele ya watu wanaoandika. Au angeweza kutoa mgonjwa.

"Ni kweli," akasema. "Yuko njiani."

Baada ya nusu saa gari likaleta machela, na Babu juu yake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, ameamriwa augue. Hakuhitaji kuigiza sana. Bibi alipoinua blanketi, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba na kupinda, na rangi yake haikuwa rangi ya vidole.

Bibi alivitazama. Alirudisha blanketi taratibu.

"Umevaa koti la huyo mtu," Babu akasema, sauti imekauka.

"Lala. Wewe ni mgonjwa."

"Sivuki mimi! Mimi kwangu ni hapa!"

"Nimesema lala, baba Haloo, kabla sijakuvuta sikio." Akaegemea karibu naye, akamnong'oneza jambo, na mzee akalala.

Wasimamizi wakaandika jina lake kati ya wale wanaovushwa. Bibi akamwonyesha Shangazi kwa kidole. "Na huyu ni binti yetu."

"Huyo ni mtumishi wa serikali," kapteni akasema upesi. "Kazi yake inahitajika." Msimamizi akatazama daftari lake, akatikisa kichwa: hakuwa mgonjwa, hakuwa mateka. Hakukuwa na safu ya mtu kama yeye.

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Mikono ilinuka mafuta ya cherehani. "Ulipomwamkia tu, alijua," akanong'ona. "Alitaka kuja hivyohivyo, kwa ajili ya baba yenu. Nikamwambia, wakikuona wewe watapata walichotaka. Wakiniona mimi watapata mwanamke mzee na kelele zake." Akambusu, akageuka, akafuata machela. Shangazi aliwatazama mpaka koti la kahawia likawa doa, kisha doa likaisha.

Gari lilipofika mlangoni mwa posta kapteni akageuka, kwa upole uleule. "Siku nyingine nitakuuliza kwanza mnavyoamkiana nyumbani kwenu."

Alingoja kukamatwa wiki saba. Kila hatua iliyosikika kwenye ngazi aliidhania ya askari. Alizoea kwenda kazini amevaa nguo mbili za ndani na soksi nzito, kwa kuwa aliwahi kusikia seli zina baridi. Wala hawakuja. Vita iliwageukia, mstari wa mbele ukavunjika mahali pengine, na siku moja kiti nyuma yake kilikuwa kitupu. Kesho yake pia. Hakuna opereta aliyethubutu kukisogeza. Waliki­zunguka wakipita, mwezi mzima.

Taifa jipya lilizaliwa kwa simu, na aliyeiunganisha ni yeye. Wakubwa wa pande mbili walizungumza dakika kumi na nne kwenye laini ya saba. Walipomaliza, Saba akamwambia, "Ngoja, usichomoe," akafungua dirisha lile. Shangazi akasikia mji mzima ukilia: masufuria, honi, watu wakiimba wimbo wa taifa ambao ubeti wa pili hakuna aliyeujua bado, wakijaza kwa la-la-la. Upande huu barabara zilikuwa tupu na maduka yamefungwa.

"Panga uso wako," Bi Zamu akamwambia chini kwa chini. "Huku kuna watu wamezika wanao bure."

Lakini uso wake haukuwa na furaha ya kupangwa. Alikuwa ameelewa kwamba mama yake amekuwa mtu wa nchi nyingine.

Ilichukua miezi mitano kupata kibali cha kuvuka. Siku tatu tu, na fomu mpya: ilitaka mdhamini, raia wa upande huu, ambaye angefungwa badala yake asiporudi. Shangazi alizunguka kwa majirani. Kila mmoja alikumbuka ana kazi ya kufanya. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu aliikuta mezani kwake kituoni, imeshatiwa sahihi. Bi Zamu hakuinua macho kutoka kwenye ratiba yake. "Siku tatu," alisema. "Si nne."

Akavuka. Nyumba ya ng'ambo ilikuwa vyumba viwili chini ya kituo cha simu, na ndani yake Babu na baba yangu walikuwa wakiishi bila kusemezana. Maneno yao yote yalipitia kwa Bibi. "Mwambie mwanao chumvi iko mbele yake." "Mwambie mumeo nimeiona." Babu alikuwa amekataa vitambulisho vya nchi mpya. Vidole vyake viliunga vibaya. Skrubu ndogo hakuweza tena kuzishika, na saa za watu alizitengeneza kwa kumwelekeza Bibi. Baba yangu alikuwa amerudi kufundisha, na akisikia mlango ukipigwa kwa nguvu alikuwa anakwenda kusimama nyuma ya kabati bila kujua kwamba anafanya hivyo. Usiniulize makombora yale aliyoyapigia hesabu yaliangukia nyumba za nani. Shangazi hakumuuliza, nami sikumuuliza.

Saba alikuja kumwona. Mwenye sauti ile ya msichana alikuwa bibi kizee mfupi mwenye meno ya kuhesabika, mkubwa kuliko Bibi. Walikumbatiana wakalia, kisha wakakaa wakitazamana bila neno la kusema, wageni kabisa. Mpaka Shangazi alipogeuka kumimina chai, akampa mgongo, ndipo Saba akasema, "Haloo ng'ambo?" na maneno yakafunguka. Walizungumza hivyo adhuhuri nzima, wamegeuziana migongo.

Asubuhi ya siku ya tatu Babu alikuwa mlangoni, amevaa viatu na kufunga kifurushi. "Haya, mwanangu. Twende zetu nyumbani."

Ilibidi Shangazi amwambie kwamba kibali ni cha mtu mmoja. Babu alivua viatu, kimoja, kisha cha pili, kwa ule mkono mzima. Ilipita miaka minne kabla hajaruhusiwa kurudi, na aliporudi alirudi peke yake, kwa kuwa Bibi wakati huo alikuwa amenipokea mimi mikononi na hakutaka kuachia.

Baba yangu alijaribu. "Haloo, baki. Huku hakuna anayekujua kwa ubaya. Kule uko peke yako na watu wanaoweka orodha."

Alitaka kubaki. Hilo hakulificha aliponisimulia: mwili mzima ulitaka, na alikuwa ameshakaa chini. Bibi ndiye aliyeuliza, akikata uzi kwa meno, "Nani kakudhamini?"

Shangazi akamtaja.

Bibi aliweka nguo aliyokuwa akishona, akaenda chumbani, akarudi na mkoba wa Shangazi umefungwa tayari, akauweka mlangoni.

Alivuka saa kumi kasorobo, akagongewa muhuri, akakimbia toka darajani mpaka posta bila kupitia nyumbani, akapanda ngazi mbilimbili. Bi Zamu alikuwa amekaa kwenye kiti cha Shangazi, mbele ya laini ya saba, visikilizio kichwani. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa kitambaa. Ulikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na shuka, kipande cha sabuni, mswaki, na soksi nzito pea mbili.

Alimwona Shangazi.

"Nilijua utarudi," akasema.

"Na huo mfuko, Bi?"

"Nilijua utarudi. Lakini sikuwa na hakika." Alivua visikilizio, akainuka akamwachia kiti. "Kaa. Zamu yako. Laini tatu zinaita."